Kibodi Iliyoandika Yenyewe Asubuhi

Binti yangu alikufa kwenye tope lililoshuka mlimani, na wa kulaumiwa nawajua. Wapo waliokata miti kule juu wakachoma mkaa, na tukikutana mnadani wananisalimia kama kawaida. Yupo mwenyekiti wa kitongoji aliyepita na mwavuli kwenye mvua ile akisema, "Laleni, mlima huu tumezaliwa tumeukuta." Hao Mungu anawaona. Mimi naandika habari za shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Kosa lake ni dogo kuliko la wale, lakini ndilo linalonikaa kifuani.

Binti yangu alikuwa akichapa kazi za watu pale nyumbani Gendabi: barua, ratiba za kwaya, mihtasari ya kikundi cha akina mama. Kompyuta ikakataa kuwaka, akaipeleka kwa fundi Dongobesh. Alipeleka boksi tu. Kioo, kibodi na mausi vikabaki mezani kwake. Kabla boksi halijarudi, tope likaja, likabeba chumba chake na yeye ndani. Mimi nilikuwa jikoni, na jiko letu lilikuwa limejitenga kando. Ndiyo maana nipo.

Baada ya mazishi shemeji alinipa vyumba viwili vya mwisho vya nyumba yake, vyenye mlango wa peke yake kwa nyuma. Watu wakamsifu. Siku ya kunipa ufunguo alisimama mbali kidogo.

"Shemeji, unayajua mambo yetu," akasema. "Ndani kwangu kuna watoto wadogo. Kaa kwanza huku. Chakula mke wangu atakuwekea dirishani."

Sikuchukia. Kwetu, mtu aliyefiwa na mtoto ana uzito. Hapiti mlango wa mwenzake, haombi moto, hanywi kwenye kikombe cha nyumba nyingine, mpaka wazee waseme sasa imetosha. Padri anatuambia tuyaache hayo. Tunaitikia amina, halafu tunarudi nyumbani kila mtu na kikombe chake. Basi nikakaa upande wangu. Kati yangu na sebule ya shemeji ulikuwepo ukuta mmoja wa tofali za kuchoma, na kuuzunguka sikuruhusiwa.

Fundi wa Dongobesh akaleta boksi kwa pikipiki, amelifunga kwenye blanketi. Ni kijana wa familia ya wafanyabiashara, Mwislamu, mwenye adabu. Alinipa pole, akaniambia picha zote na nyimbo za kwaya zimo. Mimi niliishia darasa la nne, lakini picha za mwanangu ningezifikia hata kwa kutambaa. Nikaenda Katesh, nikapata kioo kilichotumika, na kibodi na mausi mpya za bila waya.

Hazikunikubali mara moja. Mausi ilikufa, nikapiga simu. Fundi akasema niigeuze, chini kuna swichi ndogo. Kweli ilikuwa imezimwa. Halafu mshale ukawa unarukaruka kama panzi. Akaniuliza meza ina nini. Nikamwambia ina kitambaa cha nailoni kinachong'aa. "Weka hata kalenda chini yake, mama." Nikaweka kalenda ya parokia, ukatulia. Kibodi ikawa inaruka herufi, nikabadilisha betri, ikaacha. Nikaanza kujiona mtaalamu.

Basi asubuhi moja niliwasha kompyuta, nikafungua ukurasa mtupu nijifunze kuandika jina langu. Mikono yangu ilikuwa imeshika kikombe cha uji. Herufi zikaanza kutoka.

Zilitoka haraka, zimeungana, halafu zikasimama. Hazikuwa neno. Lakini katikati yake ilikuwemo herufi ya kwanza ya jina la binti yangu, imejirudia kama mtu anayebisha hodi. Kikombe kilinitoka.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Ni asubuhi tu, jua likishapanda juu ya migomba. Sikumwambia mtu. Nikawa naamka mapema, naoga, najifunga khanga nzuri, naweka ukurasa mtupu na kungoja. Zikitoka nilijibu kwa sauti. "Nipo, mama. Nipo hapa." Nilimwuliza kama alisikia baridi. Nilimwuliza kama aliniita na mimi sikusikia kwa ajili ya mvua. Zikajibu herufi nyingine, za mstari mzima, na mimi nikazikariri kama katekisimu. Nilikonda, lakini sikuwa na huzuni. Nilitaka kitu kimoja tu, mwanangu aendelee kuandika.

Wakati huo shemeji alikuwa ananiambia dirishani, "Vumilia, shemeji. Wazee bado hawajasema." Nikamwona mtu mwema.

Mwisho nikampigia fundi. Nilitaka anifundishe namna ya kuyasoma yale maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Shikamoo tena, mama," akasema polepole.

"Marahaba, baba."

"Nisomee herufi za leo, moja moja."

Nikamsomea. Akasema, "Sasa angalia kibodi yako mpya, ule mstari wa juu wa herufi. Nenda nao kutoka kulia kwenda kushoto."

Nikaweka kidole. Zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule.

"Huko nyuma ya boksi, vile vidude vidogo kama kucha viko vingapi?"

"Viwili. Kimoja cha hizi mpya. Kingine binti yangu alikichomeka mwenyewe."

"Hicho ni risiva, kipokezi cha kibodi yake, mama. Bado kinaisikia."

"Kibodi yake ilikwenda na tope."

"Haikwenda, mama. Hata jini akitaka kuandika, lazima atafute betri. Ichomoe ile ya zamani, uone kesho."

Nilimkatia simu. Nilimwita mjinga, na mengine ambayo siyaandiki. Siku mbili sikuigusa ile risiva. Siku ya tatu nikaichomoa, kana kwamba nachomoa mpira wa hewa wa mgonjwa. Asubuhi ukurasa ukabaki mweupe mpaka mchana. Nilikaa mbele yake nikilia kama siku ya kaburi. Nikairudisha.

Asubuhi iliyofuata sikuzungumza. Nilizima redio nikatega sikio. Nyuma ya ukuta mke wa shemeji alikuwa anafagia, anaimba wimbo wa kanisani. Ufagio ukakaa kimya, wimbo ukaendelea. Nikasikia kitu kinasogezwa juu ya kabati, halafu mlio laini wa kitambaa. Na kwenye kioo changu herufi zikatoka mstari mzima, kulia kwenda kushoto. Kitambaa kikanyamaza, nazo zikanyamaza.

Nilitoka mlango wa nyuma nikauzunguka ukuta. Nilipofika mlangoni kwao mke wa shemeji alipiga ukelele. "Dada! Dada, usiingie, bado!"

Niliingia. Ilikuwa juu ya kabati, pembeni ya televisheni, imetandikiwa kitambaa cha kufuma kama picha ya harusi. Kibodi ya mwanangu. Kwenye ukingo wake kulikuwa na kipande cha plasta alichobandika alipoivunja kidogo.

Shemeji alitoka chumbani anafunga mkanda.

"Umeitoa wapi hii?"

"Shemeji, kaa kwanza..."

"Nimekaa mwaka mzima. Umeitoa wapi?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Aliiokota siku tunawatafuta waliofukiwa, dada. Akaiosha. Akaipeleka Katesh kuiuza, kila duka wanamwambia haina kidude chake. Akaweka betri mpya taa iwake, bado wakakataa. Ndiyo tukaiweka pale. Mimi naifuta vumbi tu, dada. Nilijua ni pambo."

"Siku tunawatafuta," nikasema. "Mwanangu yuko chini, wewe unaokota."

"Ningekuambia," akasema. "Ila ulikuwa na uzito."

"Uzito! Wazee walisema nini hasa? Waite waje waseme mbele yangu."

Akaanza kufunga upya mkanda uliokwisha kufungwa, na hapo nikajua hakuwa amemwuliza mzee hata mmoja. Uzito wangu alikuwa ameugeuza kufuli, nisiingie nikaona kabati lake. Na kwa sababu ya kufuli hilo nilikuwa nimesali mbele ya kitambaa cha vumbi nikakiita mwanangu.

Niliichukua kibodi, nikakaa kwenye kiti chake, kile kikubwa. "Nipe chai," nikamwambia mkewe.

Alisimama mbele ya vikombe, hajui ashike kipi. Mumewe akamtazama, mimi nikamtazama. Akachukua kimoja cha wageni, chenye maua, akamimina. Akakiweka mbele yangu, sahani ikalia.

Nikaigeuza kibodi juu ya meza nikaigonga kwa kiganja. Kutoka katikati ya herufi likamwagika tope kavu, jekundu, laini kama unga. Walikuwa wameosha juu tu. Mke wa shemeji akanyoosha kitambaa chake afute.

"Acha," nikasema. Nikalikusanya kwa kidole, kidogo kidogo, nikalifunga kwenye pindo la khanga. Halafu nikanywa chai yao mpaka ikaisha, na hakuna aliyenyanyuka.