Fizi za Mama na Mtihani wa Kusoma

Mwezi uliopita nilishuka Lushoto mjini kwa daktari wa meno, maana jino langu la mbele linacheza. Kijana wa watu akaniamkia shikamoo, akanichungulia mdomoni, akasema meno yangu ni mazima kabisa. Mazima! Sasa mbona yanataka kuhama?

"Si meno, bibi. Ni kinachoyashika."

Akanieleza kwamba kati ya jino na mfupa kuna chembe hai ndogo mno, kazi yake kusuka nyuzi za kulifunga jino lisitikisike. Ujanani uzi ukikatika, zinasuka mwingine. Uzeeni zinachoka. Nyingine hazisuki tena wala hazifi, zinakaa tu pale na kuchochea uvimbe. Nikacheka, nikakumbuka shamba letu la kijiji: wapo waliokuja na jembe, na wapo waliokuja kuchokoza wenye majembe.

Nilipotoka nje kicheko kikaniishia. Mambo hayo nilitakiwa kuyajua enzi za Ujamaa, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa elimu ya watu wazima kijijini kwetu, na mama yangu mzazi akiwa mwanafunzi wangu.

Mama alitaka kitu kimoja tu: asome mwenyewe barua za kaka yangu, aliyekuwa akikata mkonge huko Korogwe. Zote nilimsomea mimi, na nilikuwa naruka yale niliyoona hayamhusu. Alijua. Ndiyo maana kila alasiri alitoka shambani na udongo miguuni, akaja kukaa kwenye dawati la watoto.

Mwaka wa mtihani meno yake ya mbele yalilegea. Makande aliyoyapenda akawa anakunywa mchuzi wake tu, mahindi ananisukumia mimi. Akiongea, jino linalala. Akaanza kufunika mdomo kwa kanga, nami nikamwambia ni uvivu wa kupiga mswaki. Mama yangu! Mwanamke aliyetafuna kijiti kila alfajiri tangu nipate akili.

Asubuhi ya mtihani alinishika mkono jikoni, akasema kwa Kishambaa, taratibu, nimsikilize akisoma sisi wawili tu, pembeni. Nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini: "Mama, sheria ni moja kwa wote. Watu watasema ni upendeleo." Akaniachia mkono.

Zamu yake ilipofika alisimama na kitabu, kanga mdomoni. Darasa limejaa majirani, na mgeni kutoka wilayani ameketi mbele.

"Soma kwa sauti," nikasema.

Macho yake yalikuwa yanatembea juu ya mstari, mpaka mwisho, yakarudi kuanza mwingine. Niliyaona. Naapa niliyaona.

"Ondoa kanga, mama. Soma."

Mtu akacheka nyuma. Mama akafunga kitabu, akaketi. Nami, ili nionekane mwalimu wa haki, nikaandika kwenye daftari la kijiji, mbele ya jina lake: hajui kusoma. Majina yalibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na watu walipita wakinisifu kwamba sikumpendelea hata mama yangu. Nilifurahi, tena sana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki chache baadaye nilimkuta uani na barua ya kaka, ameifungua mwenyewe. Midomo inacheza chini ya kanga. Akafika mahali, mabega yakatikisika kwa kicheko, na mimi nilikuwa bado sijamsomea neno. Ningeweza kwenda ofisini kufuta yale maandishi. Nikaona haya, wataniuliza nini kimebadilika. Nikageuka, nikaingia ndani.

Hakurudi darasani. Hakunipa tena barua hata moja nimsomee, wala hakunilaumu. Heri angenitukana. Alikufa akiwa na meno manne, na kwenye daftari la kijiji ni mjinga asiyejua kusoma, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumapili hii mzee wa kanisa aliniomba nisome somo mbele ya usharika. Wewe ulikuwa mwalimu, alisema. Nikamwambia samahani, nimesahau miwani.

Miwani ilikuwa mkobani. Nilikuwa nimejifunika mtandio mpaka puani.