Hima Zilikuwa Zangu Peke Yangu

Juzi hapa Dunda mama mmoja alimwambia bintiye, "Hima, kaza mwendo," mtoto akanuna. Nikakumbuka alasiri tuliyoanua mbata, zile nazi kavu, uani, mvua ikinukia. Mimi niliambiwa upesi, hima, chapuchapu. Dada yangu, mwari aliyewekwa ndani akingoja ndoa, alikuwa akijisinga liwa ya kunukia mwilini, na mama akimwambia, "Taratibu, mwanangu."

"Mbona dada humhimizi?" niliuliza kwa kijicho.

"Anua mbata wewe, mdomo baadaye."

Niliamini anampenda kuliko mimi. Siku tulipompeleka dada kwa mumewe huko Fukayosi, mama alibaki nyuma ya wote.

"Mama, kaza mwendo," nilimwambia.

Alizidi kupunguza hatua. Sasa najua hakutaka tufike.