Viazi Ishirini na Sita

Mpaka leo nikiona kiazi kitamu, hata kikiwa kimejilalia zake sokoni na hakijanikosea kitu, masikio yananiwaka moto, na nikikusimulia kwa nini utacheka, basi cheka tu, wenzako zaidi ya hamsini walishanicheka asubuhi moja, mbele ya mama yangu, tena nikiwa nimevaa tai.

Nianze na hiyo tai. Nilipomaliza chuo kikuu (fasihi ya Kiingereza, miaka minne, usiniulize ya kazi gani) biro moja ya mjini (kwetu biro ni ofisi, si kalamu) ikaniita kwa mazungumzo, na niliporudi mama akauliza, "Umepata?" nikautazama uso wake, nikasema, "Nimepata, mama," nikijua kesho yake watanipigia simu na uongo wenyewe utakuwa umeishi usiku mmoja tu. Hawakupiga. Kwa miezi minane nikawa natoka nyumbani Buyenzi kila asubuhi na tai na bagi, nazunguka njia ndefu nisipite soko la Jabe, ambako mama anauza vitenge, halafu naenda kujificha nyuma ya duka la rafiki yangu kinyozi, kule Nyakabiga, mpaka jioni. (Mshahara? Nilisema niko kwenye staji, yaani najifunza kazi. Bujumbura nzima inajua staji hailipi na inaweza kudumu mpaka uzeeni.) Ndani ya bagi mlikuwa na gazeti la zamani na kiazi kitamu cha kuchemsha, ambacho mama alinifungia kila siku kwa ukanda wa kitenge chenye ndege wa manjano, mabaki ya bidhaa zake.

Sasa, kwetu anaishi Aziza, binti wa mjomba wangu wa Gatumba, aliyehamia kwetu tangu maji yalipoingia nyumbani kwao. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwalimu wao wa fasihi ya Kiingereza alikuwa ameenda kujifungua. Akaniambia, "Yaya Shabani (kwetu yaya ni kaka mkubwa, msidhani nilikuwa nalea watoto), kuja utusaidie, juu tutaanguka wote." Nikaenda Jumamosi moja, nikaenda ya pili, na ya tatu direkteri wa shule akaniita pembeni akasema, "Wakifanya vizuri mtihani wa majaribio, ile nafasi ya mwalimu wao ni yako."

Mtu mwingine angefurahi akalala. Mimi nilikesha nikipiga hesabu ya wokovu wangu: nikiipata kazi hiyo, nitamwambia mama nimechoka na biro nikaona heri ualimu, na uongo wangu utakufa kifo chake kimyakimya, bila matanga. Kila kitu kikawa kimening'inia kwenye mtihani ule.

Tatizo lilikuwa moja. Pale shuleni, kama nilivyosoma mimi pia, mwalimu husoma maelezo, mwanafunzi huandika, huyameza, na siku ya mtihani huyarudisha kama alivyoyapokea, mkato kwa mkato, na hakuna anayeuita wizi, ni heshima. Kwa hiyo nilipoandika ubaoni mpangilio wa jibu zuri, yaani hoja, ushahidi kutoka kitabuni, kisha "mfano kutoka maisha yako mwenyewe" na kufuatisha nukta nukta ili kila mtu ajaze wake, karatasi zote ishirini na sita zilinirudia na nukta. Nilizihesabu. Nukta kumi na moja kila karatasi, isipokuwa ya Fiston, mtoto wa fundi magari, ambaye haoni vizuri ubaoni, yeye alikuwa na kumi, na aliniomba radhi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikasema nitawaandikia jibu zima, na mfano ndani yake, waone mfano wa kweli unavyokuwa. Kitabu chetu kilikuwa hadithi ya mtu aliyefilisika akamficha mkewe, na swali liliuliza kama uongo unaweza kuwa upendo. Nikafikiria kutunga mfano, nikaona utanuka utungo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewahubiria waandike kitu kinachoonekana kwa macho. Basi nikaandika wa kwangu. Kila asubuhi namuaga mama na bagi begani, na yeye anaamini nakwenda ninakotakiwa kuwa (mwanzo niliandika "biro", nikafuta, nikihofia karatasi itamwangukia mama mikononi, mama hasomi Kiingereza, lakini mimi ni mtu wa kufungua mwavuli kwa mvua iliyokwisha kunyesha). Najificha nyuma ya duka la kinyozi, nakula kiazi kilichofungwa kitambaa cha ndege wa manjano, na jioni narudi nikijifanya nimechoka. Nikawaambia, "Huu ni mfano tu, ninyi wekeni wa kwenu." Wakaitikia wote kwa vichwa, na nikaona Fiston anaandika.

Wiki mbili baada ya mtihani wa majaribio direkteri akanipigia simu: Jumamosi saa tatu kuna mkutano wa wazazi, nisikose, ni mambo ya wanafunzi wangu. Wanafunzi *wangu*! Nikapiga pasi tai mara mbili. Mama naye akavaa, kwa sababu yeye ndiye mlezi wa Aziza, tukaenda pamoja, na direkteri akanikalisha mbele, kando yake, kwenye kiti chenye mto, nikawatazama wazazi kama bwana harusi.

Direkteri ni mwalimu wa hesabu. Karatasi alizisahihisha mwenyewe, na kamusi mkononi. Kwamba majibu yote yalifanana hakukumshtua hata kidogo, kwani majibu ya watoto wetu hufanana siku zote. Kilichomshtua ni yaliyomo.

"Wazazi," alisema, na sauti ilikuwa ya msiba, "watoto wenu wana kikundi."

Akasoma karatasi ya kwanza, akiifasiri. Bagi begani. Mama anayedanganywa. Kinyozi. Nilipomsikia anafika kwenye kiazi, mto niliokalia ukageuka jiko.

"Watoto ishirini na sita," alisema, "viazi ishirini na sita, na wote wana kitambaa kimoja cha ndege wa manjano. Hiyo ndiyo alama yao!"

Baba yake Fiston akasimama, mikono bado ina grisi. "We Fiston! Mi nalala chini ya magari ya watu, we unaenda kula kiazi kwa kinyozi?"

"Apana papa, mi niko naenda shule!"

"Na hii umeandika ni nini?"

Mzazi mmoja akauliza kwa adabu: mbona rejista inaonyesha watoto wote wapo darasani kila siku?

"Hiyo ndiyo inayonitisha zaidi," alijibu direkteri. "Huyu hapa ameandika mpaka mwisho, 'Huu ni mfano tu.' Mfano! Maana yake wanafanya na mengine!" Kisha akatangaza kwamba mpaka mkuu wa kikundi ajitaje, wote wamesimamishwa masomo, na mtihani wa taifa wausahau.

Wanafunzi walikuwa wamesimama ukutani, na wote ishirini na sita wakanitazama mimi, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Aziza alikuwa anauma kucha. Nami nikawa nawaza: nikisema, mama atajua; nisiposema, wataanguka bila kosa; labda nizimie; lakini nikizimia nianguke upande gani?

Nikiwa bado nachagua upande, mama akasimama.

"Bwana Direkteri, pardon. Iyo kitambaa ni yangu."

Wote wakageuka.

"Mi nauzisha iyo kitenge pa Jabe. Mabaki nafungia kiazi. Lakini Aziza simupatiaka kiazi, Aziza anakulaka ku shule." Nilimwona akiufuata uzi kichwani taratibu, kama anavyoufuata kwenye pindo la nguo, mpaka ukamfikisha kwenye tai yangu. "Shabani. Biro yako iko wapi?"

Nilikuwa na majibu saba. Niliyapanga kwa haraka, hoja, ushahidi, mfano, na yote yalikuwa uongo. Nikatazama ukutani, nikawaona wale watoto.

"Kwa kinyozi, mama," nikasema. "Jibu ni langu, nililiandika mimi. Wao walilimeza tu. Hakuna kikundi. Kikundi ni mimi peke yangu."

Halafu baba yake Fiston akasema, "Miezi yote iyo kwa kinyozi, na nywele ziko vile?" na ukumbi ukapasuka, watu wakagonga madawati, direkteri akaficha uso ndani ya karatasi lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mama hakucheka. Alikaa akakunja kanga yake mapajani, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama leso.

Watoto walisamehewa, wakaambiwa warudie mtihani. Nafasi akapewa mtu mwingine, mtu asiye na viazi. Mama alitangulia njia nzima, akageuka tulipofika mlangoni.

"Ungeniambia umekosa," alisema, "ningekupatia viazi mbili."

Jumatatu alinipeleka Jabe, na ndiyo biro yangu mpaka sasa. (Kile kitenge cha ndege wa manjano kiliisha wiki ile ile, kila mzazi wa mkutano ule alitaka kipande.) Wanafunzi wakawa wananifuata sokoni baada ya shule, wanakaa juu ya marobota ya nguo, nami nikaapa, na ninaapa tena hapa mbele yenu, kwamba sitamwandikia mtoto wa mtu jibu zima maisha yangu yote, hata sentensi, hata nukta. Nawauliza tu swali, nawapa karatasi tupu, nanyamaza, na kunyamaza huko kunanitoa jasho kuliko mkutano.

Swali la uongo na upendo wakalirudia. Karatasi ya Aziza niliisoma nimesimama katikati ya wateja. Aliandika kwamba ana kaka mkubwa aliyedanganya kuwa ana kazi, kwamba yeye alijua tangu mwezi wa pili wa uongo huo, maana alimwona kwa kinyozi akila kiazi peke yake, kwamba hakumwambia mtu, na kila jioni alikuwa anamuuliza, "Pole na kazi, yaya, umechoka?" ili aweze kusema ndiyo.

Nikampa kumi na tisa kwa ishirini. Ile moja nilimkata kwa sababu hakuniambia mapema kwamba anajua.