Linki za Mama Ciru

Nyaruai wa Kibomet, ambaye wengi tunamwita Mama Ciru, anayekodisha mahema na viti mjini Kitale, hana haya linapokuja suala la biashara. Nalisema hilo kwa sababu ni rafiki yangu, na sisi marafiki ndio tulioumia kwanza.

Mwaka 2009 aligundua kwamba watoto wetu walio ng'ambo, wakipanga harusi za Desemba huku nyumbani, hutafuta mahema kwenye Google na kumpigia simu anayetokea wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Mzee Wekoye wa Bungoma, mwenye tovuti ya siku nyingi. Tovuti ya Nyaruai ilikuwa ukurasa wa tatu, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hufika amechoka. Desemba iliyotangulia mahema yake yalikaa yamekunjwa mpaka panya wakazaa ndani. Desemba nyingine kama hiyo, angeyauza arudi kupalilia mahindi.

Mtu akamwambia Google huhesabu linki kama kura: kadiri tovuti yako inavyowekewa linki nyingi kwingineko, ndivyo inavyopanda. Basi akaingia Facebook, akaanza kampeni. Mtoto akizaliwa: "Hongera. Mahema na viti, bonyeza hapa." Mtu akipata kazi, bonyeza hapa. Binti yangu aliweka picha ya jino lake lililong'olewa; bonyeza hapa. Miezi mitatu, linki mia nne, na bado ukurasa wa tatu.

"Mama Ciru, hizo hazihesabiwi," Dancan mwenye saiba, pale tunapolipia intaneti, alimwambia. "Facebook inawekanga alama ya kuambia Google isizijali. Unataka mtu mwenye tovuti yake aandike juu yako."

"Na nani ataandika juu yangu?"

Aliandika Wekoye. Mama mkwe wake alikuwa amefariki Myanga, na chini ya picha ya marehemu aliyoiweka Wekoye Facebook, Nyaruai akaandika: "Poleni sana. Mahema na viti, bonyeza hapa." Yaani mkwe ana mahema yake, anaonyeshwa ya jirani. Wekoye alijaza tovuti yake hasira, akamwita Nyaruai fisi wa matanga, na ili watu wamjue vizuri fisi mwenyewe, akaweka linki ya kuwafikisha kwake.

Wiki mbili baadaye Nyaruai akawa wa kwanza. Google haielewi matusi. Iliona tu kwamba tovuti inayoheshimika imemtaja. Simu zikaanza kulia. Kufikia Oktoba alikuwa na harusi tano.

Novemba Wekoye akaja Kibomet na mkewe Nabwile, kuku kwapani. Nilikuwepo.

"Mama Ciru, pasta amehubiri juu ya ulimi wangu. Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Kesho naenda saiba, yale maneno nafuta yote."

Nyaruai alishtuka kuliko siku aliyotukanwa.

"Usifute, mzee."

"Ati?"

"Wacha yakae. Si ni mimi nilikosea? Watu wakisoma watajifunza. Mimi nitavumilia tu."

Wekoye akatoa leso. Akasema Trans-Nzoia nzima hajaona mnyenyekevu kama huyu. Nabwile naye akalia, akasema sasa mama yake atapumzika vizuri. Hapo Nyaruai akaacha kunitazama. Aliona haya, na mimi nilifurahi kwamba ameona.

Habari hiyo ilisimuliwa kanisani Bungoma, na pasta akampigia simu Nyaruai aende kutoa ushuhuda juu ya msamaha. Nyaruai akaniuliza akaseme nini. Nikamwambia aseme ukweli.

Alikubali. Alisema atakwenda Januari, harusi zikishaisha.