Ciku Hakurudi

Leo nimefiwa na bibi yangu mara ya pili.

Mara ya kwanza alikuwa Wanjiku mwenyewe, Ciku kwa kifupi. Miaka ile ya baada ya uhuru, ukiita "Ciku!" sokoni Gakindu, nusu ya soko iligeuka. Mimi niliita, wakageuka kumi, nikaoa yule aliyenuna.

Leo kijana wangu amepata msichana wa kwanza. Kwetu huyo hupewa jina la mama ya baba yake, hakuna mjadala.

Nikafika na uji wa mzazi, nikainamia mtoto.

"Ciku, bibi yangu, umerudi?"

Kijana akakohoa. "Baba, anaitwa Brayleen."

"Wa pili, basi?"

"Hatuzai tena, Baba."

Uji nimeunywa mwenyewe huko nje.

Kama kuna Ciku yeyote hapa, tafadhali aitike tu.