Taa Ndani ya Paji la Uso la Bi Mize

Nilikwenda Pemba kwa sababu shangazi yangu, Bi Mize wa Pujini, aliunguza sufuria nzima ya udi wa harusi na hakusikia harufu. Udi wake hupikwa kwa sukari. Sukari ikiyeyuka hutiwa vipande vya udi na marashi, na kinachomwambia mpishi wakati wa kuiepua ni pua. Yake ilikuwa imeziba kwa sainasi miaka mitatu. Wenye harusi walianza kupeleka kazi kwa wengine. Akanipigia simu Dar es Salaam: daktari wa pua anakuja Chake Chake kwa wiki moja, ana tiba isiyokata. "Wewe msomi," alisema, "njoo uniulizie."

Neno "isiyokata" lilinitia shaka. Nilisoma nilichoweza, nikajaza maswali ukurasa mzima, nikapanda meli.

Saa kumi na mbili asubuhi, bandari ya Mkoani. Sikuwa nimelala vizuri, na nchi kavu iliendelea kuyumba chini ya miguu yangu. Ukungu ulikuwa umelalia minazi. Sauti za watu zilitangulia, sura zikafuata. Mpagazi mmoja alichukua begi langu kabla sijamwomba.

"Wenda wapi?"

"Pujini, kwa Bi Mize wa udi."

Alisimama kidogo. "Bado apika?"

Nikamwambia bado. Sikuwa na hakika.

Saa nne nilikuwa Pujini. Shangazi alinipokea mlangoni, na sauti yake ilitokea kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Elimu haina wali?"

Alinionyesha alivyojaribu: majani ya kufukizia chini ya shuka, vidonge, dawa ya kupuliza puani aliyoitumia miezi mingi. Alikuwa na picha ya CT aliyopigwa Unguja. Niliiinua dirishani. Ndani ya mifupa ya uso wake mlikuwa na vyumba vidogo, vingine vyeusi kwa hewa, vingine vimejaa kijivu. Nilishangaa kwamba mtu niliyemjua tangu utotoni alikuwa na nyumba nzima ambayo sikuwahi kuingia.

Jumatatu, saa tatu, Chake Chake. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, na alinivumilia. Niliuliza hiyo isiyokata hufanya nini. Alisema mrija mwembamba mno wa mpira hupitishwa kwenye tundu la chumba kilichoziba, hujazwa maji ukawa puto kwa sekunde chache, tundu likapanuka, kisha hutolewa. Mgonjwa hutiwa ganzi tu, na hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

"Kwa nini basi wengine wanakatwa?"

"Wenye vinyama puani, puto haliwafai. Picha ya shangazi yako haina vinyama."

"Na harufu itarudi?"

"Hilo siahidi. Nafungua mlango. Atakayeingia simjui."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko ahadi yoyote. Shangazi hakupendezwa. "Wewe umetoka Dar kuja kufurahia hilo?" aliniuliza.

Hata hivyo shangazi alikubali, akatiwa ganzi, na Nesi Salma, mwenyeji wa hapo, aliniruhusu kusimama mlangoni. Walizima taa za chumba. Daktari aliingiza waya mwembamba wenye nuru nchani, na polepole, juu ya nyusi ya kushoto, ngozi ya shangazi ikaanza kung'aa. Ilikuwa nuru nyekundu, laini, kama kaa chini ya jivu. Ndivyo daktari alivyojua amefika alipotaka. Kwa muda huo sikuwa na swali hata moja. Nilitazama taa ikitembea ndani ya kichwa cha mtu aliyenilea likizo zangu zote, nikasahau nimesimama wapi.

Adhuhuri tuliruhusiwa. Daktari alitoa masharti: asipenge kwa nguvu, alale kichwa juu, na kuanzia kesho aoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Niliyaandika yote.

Alasiri, Madungu, hapohapo Chake Chake, nyumbani kwa Bi Saada, ndugu yetu. Nilikuwa sebuleni nikijipongeza kwa maandishi yangu niliposikia ndoo ikianguka uani. Shangazi alikuwa amechutama, damu ikimtiririka hadi kwenye kanga. Alikuwa akitia udhu. Alikuwa amesukutua, akapandisha maji ya ndoo puani mara tatu na kuyapenga, kama kila siku.

"Pua imekwenda," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeiharibu mwenyewe."

Tulimwinamisha mbele, tukambana pua, nikampigia Nesi Salma. Aliuliza maswali mawili, kisha akataka kuongea na mgonjwa.

"Bi Mize, kupandisha maji puani ni sunna. Udhu watimia bila hilo mpaka upone."

"Nafanya hivi tangu nna miaka saba, Salma."

"Nami pia. Ndo maana ilinipasa kukwambia, nikasahau."

Damu ilikoma. Kesho yake daktari aliangalia, akasema hakuna kilichoharibika. Shangazi alinitazama siku nzima. "Hata msikiti huujui," alisema, "sasa wanisimamia udhu."

Wiki ya tatu, Pujini. Kazi yangu ya kutafsiri naweza kuifanya popote, kwa hiyo nilibaki. Asubuhi hiyo aliinjika sukari. Nilimwomba afumbe macho, maana miaka thelathini ya kuitazama rangi yake ingeweza kumdanganya yeye, na mimi pia. Alifumba. Mvuke ulijaa jikoni, jua likaingia ndani yake, na shangazi akasimama katikati kama mtu anayesikiliza akiitwa kutoka shamba la mbali. Mimi sikusikia harufu yoyote ya kuungua. Kisha akaipapasa sufuria kwa kitambaa, akaiepua.

"Ingeungua," alisema. Hakufumbua macho. Machozi yalimtoka chini ya kope, naye akayaacha.

Ijumaa, Mkoani, narudi. Nimejifunza kwamba puto hufungua tundu, na kwamba dawa ya kupuliza na maji ya chumvi huendelea miezi, daktari hakuficha. Lakini nilibeba ukurasa mzima wa maswali kuhusu mikono ya daktari, na sikuuliza hata moja kuhusu mikono ya shangazi, inafanya nini mara tano kwa siku.