Dawati la Dada Yangu

Nilipokuwa darasa la nne huko Elburgon, mwalimu mkuu aliamua nirushwe hadi la sita. Nilikuwa nimevimaliza vitabu vya la tano nikichunga mbuzi, na niliweza kutaja mito yote ya Kenya bila kupumua, ujuzi ambao haujawahi kunifaa hata siku moja.

Shida ilikuwa pa kukaa. Wadogo walikaa kwenye mabenchi ya shule, lakini kuanzia la sita kila mzazi alipeleka dawati la mtoto wake. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao na alikuwa ametengeneza dawati moja kwa mabaki ya saipresi. Lilikuwa la dada yangu, aliyekuwa tayari la sita.

"Mzee, dawati ni moja," mwalimu mkuu alisema. "Msichana arudie la tano. Atakomaa."

"Nitatengeneza lingine muhula ujao," baba akajibu.

Hakulitengeneza. Mwaka uliofuata nilipanda la saba na dawati, naye dada akarudi la sita, akakaa juu ya debe la mafuta. Nilipoenda sekondari ya bweni, yeye alikuwa anaingia la nane. Nikarudi likizo ya Desemba nikamkuta anafundisha chekechea ya kanisa. Nikachukulia kwamba ameshafanya mtihani. Sikuuliza. Nilikuwa na mambo makubwa ya kufikiria, hasa mimi mwenyewe.

Sasa nina shahada ya udaktari na nafundisha chuo kimoja hapa Nakuru. Tulipoanza kuwaruhusu walimu wa chekechea wasio na vyeti vya ualimu wafanye mtihani ili wasamehewe mwaka wa kwanza, niliwekwa kwenye kamati ya kuandika kanuni. Rasimu ilikuwa fupi mno kwa mtu wa hadhi yangu. Nikaongeza sentensi: mwombaji awe na cheti cha kumaliza shule ya msingi. Hakuna aliyeiomba. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali kwa heshima, maana chai ilikuwa imefika.

Kisha nikampigia dada simu. Kanisa lilikuwa limemwambia kwamba asipokuwa mwaka wa pili wa chuo kufikia Januari, darasa lake litapewa mtu mwenye karatasi.

"Njoo ufanye mtihani," nikamwambia. "Kwako huo ni mchezo."

"Daktari amesema," akacheka. "Mimi ni nani nikatae?"

Akaja na sweta yake ya Jumapili na kalamu tatu. Alifanya vizuri kuliko wote waliofanya siku ile. Karani wa usajili akamtaka atoe cheti.

"Cheti gani?" akauliza.

"Cha la nane, mathe."

Akanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu kama mwenye sherehe.

"Lakini wewe unajua mimi sikufanya la nane," akasema. Hakusema kwa hasira. Alifikiri kweli kwamba najua.

Nilienda kwenye kamati kuomba sentensi ifutwe. Mwenyekiti alinisomea kumbukumbu za kikao, jinsi nilivyoitetea kwa dakika nyingi, nikitumia neno "viwango" mara nne. Wakasema itaangaliwa mwaka ujao wa masomo.

Januari nilienda Elburgon. Mvua ilikuwa inanyesha, na saa nne asubuhi, siku ya kazi, dada alikuwa nyumbani akichambua maharagwe. Darasa lake lilikuwa limepewa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye cheti. "Ni mzuri," dada akasema, "ila anawapigia watoto kelele."

Kando ya jiko lilikuwapo lile dawati, madumu ya maji juu yake. Kwenye ubao wake jina langu lilikuwa limechongwa kwa msumari, mara tatu. La kwake halikuwapo.

Akashusha madumu, akalipangusa kwa upande wa leso.

"Keti hapo," akasema. "Viti vingine ni vibovu."

Nikaketi. Magoti hayakuingia.